Mdudu na Mahali Pake: Picha za Makro kwa Mwanga wa Jua Kibera na Kawangware

Picha ya makro ni picha ambayo taswira ya kitu, inapoangukia juu ya kihisi cha kamera, yaani kile kibamba kipokeacho mwanga ambacho siku hizi kimechukua nafasi ya filamu, huwa na ukubwa uleule wa kitu chenyewe au hukaribiana nao. Nzi mwenye urefu wa milimita 8 huacha juu ya kihisi taswira ya milimita 8, na kwa kuwa kihisi cha kamera ya daraja la juu kina upana wa milimita 36, nzi huyo huchukua zaidi ya moja ya tano ya upana wa picha, hivi kwamba picha ikichapwa kwa upana wa sentimita 36 atakuwa na urefu wa sentimita 8 na vinyweleo vya miguu yake vitahesabika kimoja kimoja. Hapo ndipo kiumbe ambaye watu humfukuza kwa kupunga mkono anapoanza kuonekana kuwa na uso.

Wapiga picha wengi wa wadudu hutumia fleshi, taa ya kamera inayomulika kwa kufumba na kufumbua, na sababu zao zina haki, kwa maana mwanga wake ni mwingi na humgandisha mdudu anayetikiswa na upepo. Hata hivyo, fleshi inatawaliwa na kanuni isiyokwepeka: mwanga utokao kwenye chanzo kidogo hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kitu kilicho mbali mara mbili hupata robo tu ya mwanga, na kilicho mbali mara kumi hupata sehemu moja kwa mia. Mdudu aliye sentimita 10 kutoka kwenye taa hung'aa, ilhali ukuta ulio mita moja kutoka kwenye taa hiyohiyo humezwa na weusi. Ndiyo maana nyuki aliyepigwa picha kwa fleshi Kibera na nyuki aliyepigwa picha kwa fleshi kwenye bustani ya Uingereza huonekana wote wawili wakielea katika usiku mmoja usio na nchi. Jua, lililo umbali wa takriban kilomita milioni 150, halitofautishi kati ya mdudu na ukuta ulio nyuma yake. Huviangazia vyote kwa kipimo kimoja, na picha iliyopigwa kwa mwanga wake humhifadhi mdudu pamoja na mahali pake, yaani wekundu wa udongo uliokandikwa ukutani, kutu ya mabati, na kijani cha jani la pili ambalo mdudu huyo atahamia baada ya muda mfupi.

Kwa Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi, jambo hilo lina uzito unaozidi ufundi. Kibera ni miongoni mwa mitaa ya Afrika iliyopigwa picha nyingi mno, na kwa miongo kadhaa kamera za wageni zimeitafuta reli yake, mitaro yake na msongamano wa watu wake, ambao sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu kuwa wapatao 170,000, lakini ni nadra kamera hizo kuinama zikatazama kinachoishi juu ya jani. Majina yenyewe ya mitaa hii yanakumbuka viumbe na mimea. Wanubi, ambao walikuwa askari wa King's African Rifles, kikosi cha kikoloni cha Waingereza, pamoja na jamaa zao, walipokaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 waliita mahali hapo kibra, neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Na ndani ya jina la Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, limo neno la Kikuyu ngware, yaani ndege kwale. Miti imekatwa na kwale wameondoka, ingawa Msitu wa Ngong Road bado umesimama si mbali na Kibera, lakini wadudu hawakuondoka. Walihamia kwenye magunia ya mboga, kwenye vichaka vya lantana na kishona nguo kandokando ya reli, kwenye majani ya kulishia ng'ombe yaliyopandwa karibu na Mto Nairobi unapopita maeneo ya Kawangware, na kwenye makapi ya miwa sokoni karibu na kituo cha matatu kinachojulikana kwa namba yake, 46, ambako nyuki hufuata utamu bila kujali honi wala makelele ya manamba.

Anayetaka kuelewa mwanga wa mitaa hii hana budi kuanza na jua lenyewe. Nairobi iko takriban digrii 1.3 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua lake huchomoza mwaka mzima kati ya takriban saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kisha hupanda karibu wima, kwa mwendo wa nyuzi 15 kila saa, wakati ambapo katika nchi za kaskazini ya mbali hupanda kwa mshazari na kukawia karibu na upeo wa macho. Saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu pale usiku unapokwisha, inamfaa mpiga picha kuliko saa ya Kizungu, kwa kuwa namba yake humwambia moja kwa moja umri wa mchana: saa moja jua limetoka tu na bado limelala juu ya mapaa, saa mbili limefika kiasi cha nyuzi 22, na saa tatu limepita nyuzi 35, vivuli vimefupika na mwanga umekuwa mkali. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya husifu ile saa ndefu ya dhahabu ya asubuhi na jioni, lakini msomaji wa Nairobi akiifuata kwa maneno yao atachelewa, kwa sababu dhahabu yake ni ya dakika chache. Katika Machi na Septemba, jua la saa sita mchana husimama karibu utosini, na mdudu aliye juu ya jani huwa na mgongo uliounguzwa na mwanga na tumbo lililozama gizani, hali ambayo kamera haiwezi kuipatanisha.

Asubuhi ina faida nyingine inayotokana na mwili wa mdudu mwenyewe. Wadudu wengi hawajitengenezei joto kama wafanyavyo mamalia na ndege, bali hulipata kutoka kwa mazingira yao, na kwa kuwa Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, alfajiri za Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12 za Selsiasi, baridi inayotosha kumzuia kipepeo asipige mbawa na panzi asiruke. Kipepeo aliyelala chini ya jani na umande juu ya mbawa zake hatambui haraka kwamba kamera iko sentimita 15 kutoka kwake, na hata akitambua hana nguvu ya kuondoka mpaka jua limguse. Kwa hiyo muda ambao mwanga ni laini na muda ambao mdudu ametulia hukutana, na makutano hayo hudumu kwa kiasi cha saa moja na nusu hivi. Baadhi ya wapiga picha duniani hutafuta utulivu huo kwa kumtia mdudu kwenye jokofu kisha kumweka juu ya ua, desturi ambayo haistahili kuigwa, kwa kuwa humdhuru mdudu na kumdanganya mtazamaji kuhusu mahali alipopatikana.

Msimu wa baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu mazito hutanda juu ya jiji, na wengi hudhani kwamba siku kama hizo hazifai kwa picha. Kwa picha za wadudu ukweli ni kinyume chake. Ukali wa kivuli hutegemea upana wa chanzo cha mwanga kikitazamwa kutoka mahali pa mdudu. Jua tupu lina upana wa nusu ya digrii tu angani, kwa hiyo vivuli vyake vimekatika kama kwa makasi, ilhali wingu lililotanda huigeuza mbingu nzima kuwa taa moja pana ambayo miale yake huuzunguka mwili wa mdudu na kuingia hata chini ya tumbo lake. Ushahidi ulio wazi kabisa ni nzi wa kijani, yule mnene mwenye macho mekundu apatikanaye karibu na vyoo vya shimo na majalala. Kijani chake hakitokani na rangi iliyopakwa mwilini, bali hutokana na tabaka nyembamba sana za gamba lake, ambazo huurudisha mwanga wa rangi fulani na kuufifisha wa nyingine kulingana na pembe ya kutazamia. Chini ya jua kali mgongo huo huwa na doa jeupe lisilo na kitu ndani yake. Chini ya mawingu ya Julai hufunguka ukawa kijani, kisha shaba, kisha buluu kuelekea kwenye ubavu, na macho nayo hueleza jinsia, kwani ya dume hukaribiana hadi kugusana juu ya kichwa na ya jike huachana. Hakuna sababu ya kuona haya kusema kwamba mdudu huyu, anayechukiwa kwa haki kwa sababu ya uchafu aubebao, ni miongoni mwa vitu vyenye sura nzuri mno katika mtaa mzima.

Mawingu yasipokuwepo, mtaa wenyewe hutoa vifaa vya kuulainisha mwanga. Shuka jeupe lililoanikwa kwenye kamba ni taa pana iliyo tayari, na mdudu aliye upande wake wa kivulini hupata mwanga sawa na ule ambao studio za mjini huutengeneza kwa gharama kubwa. Kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili au tatu na kushikwa juu ya jani hufanya kazi hiyohiyo. Karatasi nyeupe ya mfuko wa unga, ikiwekwa upande ulio mkabala na jua, hurudisha mwanga kwenye ubavu wenye giza. Mabati nayo yana tabia zake: bati jipya hurudisha mwanga mkali wenye mistari inayofuata mikunjo yake, bati lenye kutu huutia mwanga wekundu wa joto, na katika vichochoro ambamo mapaa ya pande mbili yanakaribia kugusana, anga hubaki kuwa utepe mmoja mwembamba juu, hivi kwamba mwanga hushuka wima na kuzichora kingo za mdudu kwa uzi wa weupe. Ndani ya nyumba, matundu ya misumari kwenye paa huangusha sakafuni duara za mwanga ambazo watoto hucheza nazo, na kwa hakika duara hizo ni taswira za jua lenyewe, kwa kanuni ambayo mwanachuoni Ibn al-Haytham aliichunguza takriban miaka 1,000 iliyopita. Tundu lililo mita mbili na nusu juu ya sakafu hutoa jua lenye upana wa sentimita 2 na ziada kidogo, na sisimizi akipita ndani yake hupata mwanga wa jukwaani kwa hatua zake chache.

Mwanga wa asili una bei yake, nayo hulipwa kwa uchache. Lenzi inapomsogelea mdudu hadi taswira ikawa sawa naye kwa ukubwa, mwanga unaofika kwenye kihisi hushuka hadi robo ya ule ambao ungefika kama kitu kingekuwa mbali. Wakati huohuo kina cha ukali, yaani unene wa eneo linaloonekana kwa uwazi mbele na nyuma ya mahali palipolengwa, hupungua kupita matarajio. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba ambayo kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Kwa namba 8 kina hicho ni kama milimita moja, na kwa namba 16 hakifiki milimita 2, kwa hiyo jicho la nzi linaweza kuwa safi huku mguu wake ulio karibu nalo umegeuka ukungu. Kulibana tundu zaidi ya hapo hakusaidii, kwa sababu mwanga unaopita kwenye uwazi mdogo mno hupinda kwenye kingo na kuifanya picha nzima iwe butu. Kwa hesabu ya kawaida, jua la wazi na tundu la namba 16 huhitaji kilango cha kamera kifunguke kwa sehemu moja kwa mia ya sekunde katika kiwango cha chini cha wepesi wa kihisi, na hasara ile ya robo hurefusha muda huo hadi sehemu moja kwa 25, muda ambao jani la sukuma wiki likipigwa na upepo mdogo huwa limekwisha hama. Mpiga picha hulazimika kuongeza wepesi wa kihisi mara 16, na kukubali chengachenga zitakazojitokeza, ili arudi kwenye sehemu moja kwa 400.

Zipo njia za kuishi ndani ya uchache huo. Ya kwanza, na iliyo muhimu kuliko zote, ni kuuweka uso wa kamera sambamba na mwili wa mdudu, ili ile milimita moja ya uwazi ilale juu yake kwa urefu badala ya kumkata katikati. Nyingine ni kusubiri, kwa maana upepo huja kwa mawimbi na baina ya wimbi na wimbi shina husimama. Wengine hulishika shina kwa vidole vya mkono wa kushoto, au hulibana kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti. Ipo pia mbinu ya kupiga picha nyingi, kila moja ikilengwa hatua ndogo mbele ya iliyotangulia, kisha kuziunganisha kwa programu ya kompyuta, lakini kwa mwanga wa jua mbinu hiyo humfaa tu mdudu aliyelala.

Kuhusu vifaa, yafaa isemwe bayana kwamba lenzi halisi ya makro si sharti la kuanza. Kihisi cha simu ni kidogo, na kwa sababu za kimaumbile kihisi kidogo hutoa kina cha ukali kikubwa zaidi kwa picha yenye mipaka ileile, kwa hiyo simu ya kawaida yenye lenzi ndogo ya kubana juu yake humsaidia mpiga picha mahali ambapo kamera kubwa humtesa. Tone la maji likiwekwa juu ya lenzi ya simu, kisha simu ikageuzwa taratibu ili tone lining'inie, hukuza bila gharama yoyote. Lenzi ndogo iliyomo ndani ya kalamu ya leza au mashine mbovu ya DVD, ambayo fundi wa vyombo vya umeme huitupa kila siku, hukuza vizuri zaidi. Hakuna jambo geni hapo, kwani Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi katika karne ya 17, alichunguza viumbe ambavyo hakuna aliyewahi kuviona kwa kutumia kioo kimoja kidogo alichokisaga mwenyewe na mwanga wa kawaida wa mchana.

Mahali panapostahili kukaliwa kwa muda mrefu kuliko pengine pote ni gunia la sukuma wiki. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi uliofanyika mwishoni mwa mwaka 2007, shirika la Ufaransa la Solidarités lilieneza Kibera kilimo cha magunia, ambapo gunia hujazwa udongo, katikati yake hupangwa nguzo ya mawe ya kupitisha maji, na miche hupandwa juu na pia kwenye matundu yaliyotobolewa ubavuni. Gunia moja husimama mlangoni kama mtu, na kwa mpiga picha ni kama meza iliyoinuliwa, kwa kuwa majani yako kwenye kimo cha kifua na hakuna haja ya kulala chini kwenye tope. Chini ya jani mara nyingi hukaa vidukari wa kabichi, wanaoitwa na wanasayansi Brevicoryne brassicae, ambao kwa macho matupu ni vumbi la kijivu linalomfanya mama wa nyumba akunje pua kwa karaha na kulitupa jani. Katika picha ya makro vumbi hilo huwa ni nta ya unga iliyofunika miili laini ya kijani, kila mmoja amezamisha mrija wake kwenye mishipa ya jani, wakubwa wakizaa watoto walio hai bila dume na bila yai, na baina yao hutokea mmoja mwenye mbawa, aliyekuzwa kwa ajili ya kuhamia gunia la jirani.

Anayetazama kwa makini ataona kwamba wachache kati yao wamevimba, wamekuwa na rangi ya karatasi ya khaki, na hawasogei. Hao wameuawa na nyigu mdogo wa milimita 2 hivi, Diaeretiella rapae, ambaye jike wake humchoma kidukari na kumwekea yai moja ndani; buu hutoka, humla mwenyeji wake kuanzia ndani, hukomaa ndani ya ngozi iliyokauka, kisha nyigu mpya hukata mfuniko wa duara mgongoni na kutoka. Tundu hilo la duara, lenye upana mdogo kuliko kichwa cha pini, ndilo jambo ambalo picha inaweza kumfundisha mkulima wa gunia na jicho lake haliwezi: kwamba gunia lina walinzi, na kwamba dawa ya kunyunyizia ikitumika bila kutazama itawaua walinzi pamoja na maadui. Pembeni mwao hupatikana buu wa nzi wa maua, asiye na miguu wala macho, akiwanyanyua vidukari mmoja mmoja na kuwafyonza, na mtoto wa mbawakawa mwekundu mwenye madoa, ambaye kwa umbo la mgongo wake uliojaa vinundu hufanana na mamba mdogo kiasi kwamba wakulima wengi humuua kwa kumdhania kuwa mharibifu. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, kiliijengea hoja hii kazi kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wake walimleta kutoka Taiwan nyigu aitwaye Diadegma semiclausum na kumwachilia katika nyanda za juu za Kenya ili awapunguze viwavi wa nondo mgongo-almasi, wanaotoboa majani ya kabichi na sukuma wiki na ambao walikuwa wamezoea sumu za madukani.

Mwanga wa pembeni wa saa mbili asubuhi ndio unaofaa kwa kazi hii, kwa sababu hupita juu ya jani kwa mshazari na kuzifanya chembe za nta zitupe vivuli, ilhali mwanga wa nyuma hulipenya jani na kuonyesha mishipa ambayo vidukari wamejipanga kuifuata. Umande juu ya sukuma wiki hukusanyika kuwa shanga za mviringo, kwa kuwa jani lina nta yake lenyewe inayokataa maji, na kila shanga hubeba ndani yake taswira iliyopinduliwa ya mlango ulio nyuma.

Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba huleta wageni wengine, na mmoja wao hubeba jina la jiji lenyewe. Mdudu wa Nairobi ni mbawakawa mwembamba asiyefikia sentimita moja, mwenye pingili nyekundu na nyeusi zilizopokezana na mbawa fupi za buluu iliyoiva, naye hujumuisha hasa aina mbili, Paederus sabaeus na Paederus eximius. Hachomi wala haumi. Madhara yake hutokea anapopondwa juu ya ngozi, kwani damu yake ina sumu iitwayo pederini, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake, na baada ya siku moja au mbili ngozi hupata malengelenge. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliwafanya wawe wengi mno. Kwa kamera ni kielelezo bora, kwa kuwa hukimbia juu ya udongo mbichi akiwa ameinua ncha ya tumbo lake, na mpiga picha apaswa tu kumpuliza akimpata mkononi badala ya kumpiga kofi.

Kwenye Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 upande wa kusini wa Kibera na ambalo baadaye lilifunikwa kwa sehemu kubwa na gugu maji, hupaa kereng'ende. Mmoja wao, Pantala flavescens, ana safari inayostahili kujulikana na kila mtu wa pwani, kwa kuwa mwanabiolojia Charles Anderson, aliyefanya kazi visiwani Maldives, alieleza mwaka 2009 hoja kwamba makundi yake huvuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi hadi Afrika Mashariki yakibebwa na pepo za msimu, pepo za jamaa moja na ile kaskazi iliyoleta majahazi Mombasa na Lamu, na kufuata mvua ambazo madimbwi yake hutumika kwa kutagia mayai. Jicho moja la kereng'ende linaweza kuwa na vijicho vidogo karibu 30,000, na nzi wa nyumbani ana kama 4,000. Vijicho hivyo humwezesha kereng'ende kuona mwendo kwa wepesi unaomshinda binadamu, ndiyo maana kumsogelea hutaka mwendo wa taratibu sana, mwili ukiwa chini na kivuli kikiangukia upande mwingine.

Kumsogelea mdudu katika mitaa hii ni pia kumsogelea mwenye gunia. Kamera imewahi kuwachukulia wakazi wa Kibera vitu vingi bila kuwaomba, na mtu anayeinama mlangoni kwa mwenzake akiwa na lenzi hana budi kupiga hodi, kueleza anachokitafuta, na kumwonyesha mama mwenye gunia picha ya kwanza kabla ya kupiga ya pili. Si adabu tu; mwenye gunia ndiye anayejua ni jani lipi lina wadudu, walianza lini, na kama jirani alinyunyiza dawa wiki iliyopita, na habari hizo, zikiandikwa pamoja na tarehe na mahali, huifanya picha iwe ushahidi ambao wanasayansi wanaweza kuutumia. Mtaalamu wa wadudu Mkenya Dino Martins, aliyeandika kitabu cha mfukoni kuhusu wadudu wa Afrika Mashariki na kingine kuhusu wachavushaji, amewarahisishia wasiokuwa wanasayansi kuyapata majina ya wanaowaona.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke, katika kitabu chake Micrographia, alichapisha mchoro mkubwa wa kichwa cha nzi na kueleza kwamba ndani ya kila kijicho aliona mandhari ya vitu vilivyokuwa mbele ya dirisha lake, ukiwemo mti mkubwa. Hilo hutokea mpaka leo pale ambapo taa ni jua. Katika picha ya mbawakawa wa madoa aliyesimama juu ya jani huko Kianda au Makina, vijiji vya Kibera, mgongo wake wa mviringo hubeba utepe mmoja wa anga, na pande zote mbili za utepe huo kingo za mabati zimejichora kwa mikunjo yake, pamoja na kamba ya nguo, na chini kabisa kivuli cha aliyeshika kamera.

Jioni, mwanga huisha haraka kama ulivyokuja. Ikiwa mvua ya kwanza ya msimu imenyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuzizunguka taa za vibanda vya Kawangware, watoto wakiwakamata kwa beseni la maji, na kwa kazi ya mwanga wa asili saa hiyo imekwisha pita. Lakini kumbikumbi anapotua hukata mbawa zake zote nne kwenye mstari mwembamba ulio karibu na mwili, akaziacha na kwenda kutafuta mahali pa kuchimba, na asubuhi yake, kabla ya watu kufagia, mbawa hizo huwa zimelala kwenye kizingiti zikiwa zimelowa. Jua la saa moja likipita chini yake huonyesha mishipa yote, na kupitia kwenye utando wake huonekana rangi ya udongo wa Kawangware.